Kuhama programu ya barua pepe kwenye kompyuta bila kuacha barua nyuma

Mzee mmoja mwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini alinipigia simu asubuhi. "Fundi, kompyuta imepona, inakimbia kama mpya. Ila barua zangu sizioni." Mashine ilikuwa nzito, akaitwa kijana wa jirani, akaipiga Windows upya, akaweka programu mpya ya barua pepe, akaandika anwani na nenosiri. Kikasha kikafunguka kikiwa na barua za siku 14 tu. Miaka 6 ya ankara, hati za forodha na mabishano na mawakala wa meli ilikuwa kwenye faili moja, ndani ya diski ile ile iliyofutwa. Kijana hakuwa mzembe. Alidhani barua pepe zote "ziko mtandaoni", kama picha za Instagram.

Haya nimemwandikia mtu aliye mahali alipokuwa mzee yule siku moja kabla kijana hajafika.

Sababu za kuhama zimeongezeka. Programu ya Mail iliyokuja na Windows 10 ilisitishwa na Microsoft tarehe 31 Desemba 2024, na tangu hapo haitumi wala haipokei. Windows Live Mail, ambayo bado naikuta kwenye ofisi zenye mashine za zamani, iliachwa tangu Januari 2017. Windows 10 yenyewe ilifika mwisho wa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi wananunua kompyuta nyingine na wanahama wapende wasipende. Wengine walifungua Outlook siku moja wakaikuta ina sura ngeni, hawakuipenda, wakaanza kuuliza kuna nini kingine.

Swali la kwanza ambalo karibu kila mtu huniuliza ni "programu gani nzuri?" Hilo ni la tatu au la nne. La kwanza ni hili:

Barua zako zinalala wapi?

Kuna njia mbili kuu za kompyuta kuchukua barua kutoka kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayokupa huduma ya barua. Ya zamani ni POP, iliyoandikwa mwaka 1984. Ifikirie kama sanduku la posta: unakwenda na ufunguo, unabeba barua zote nyumbani, sanduku linabaki tupu. Ya pili ni IMAP, aliyoibuni Mark Crispin wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Kwa IMAP barua zinabaki posta, wewe unazisomea kule kule, na kompyuta inajiwekea nakala tu. Ukisoma kwenye simu, kwenye kompyuta inaonekana imesomwa. Ukifuta huku, imefutika na kule.

Programu nyingi zikiunganishwa kwa POP huacha nakala kwenye seva kwa siku kadhaa, mara nyingi 14, kisha huzifuta. Ndiyo zile siku 14 za mzee wetu.

Kujua uko upande gani hakuhitaji fundi. Fungua mipangilio ya akaunti kwenye programu unayotumia sasa, tafuta jina la seva ya kupokea barua. Ukiona POP au POP3, au namba ya poti 995 au 110, barua zako ziko kwenye diski. Ukiona IMAP, au poti 993 au 143, ziko kwenye seva. Kama mipangilio inakuchanganya, kuna jaribio rahisi zaidi: ingia kwenye barua pepe yako kwa kivinjari, kwa simu au kwa kompyuta ya mtu mwingine, halafu teremka mpaka barua ya mwisho kabisa. Kivinjari kikiishia mwezi uliopita wakati kompyuta yako ina barua za 2017, umeshapata jibu.

Hata mtu wa IMAP asishangilie haraka. Outlook ina tabia ya kuhamishia barua za zamani kwenye faili la kumbukumbu lililo kwenye diski, na wengi hubofya "ndiyo" bila kusoma. Thunderbird ina sehemu inayoitwa Local Folders, na chochote ulichokiburuta humo hakiko kwenye seva tena. Na kwa mtu wa POP kuna shimo ambalo watu hawalioni mpaka wamelitumbukia: barua *ulizotuma*. POP hupokea tu. Mara nyingi kila barua uliyotuma kutoka kwenye kompyuta ile imehifadhiwa kwenye kompyuta ile peke yake, hata kama uliamuru barua unazopokea zisifutwe kwenye seva. Nukuu za bei, majibu kwa wateja, ahadi ulizoweka kwa maandishi, zote ziko humo.

Andika kwenye karatasi: akaunti ngapi, kila moja ni POP au IMAP, barua ya zamani kuliko zote ni ya mwaka gani, na jumla ni GB ngapi. Karatasi hiyo utaihitaji mpaka mwisho.

Unahitaji programu kweli?

Mwenye akaunti moja ya Gmail, anayesoma zaidi kwenye simu na intaneti yake haimsumbui, simshauri programu yoyote. Kivinjari kinamtosha, na siku kompyuta ikiibwa hatalia kwa ajili ya barua.

Programu inalipa kwa mwenye akaunti tatu nne anazotaka kuziona mahali pamoja. Inalipa kwa ofisi yenye barua za kikoa chake, .co.tz au .co.ke, ambako kampuni inayohifadhi tovuti imetoa kikasha kidogo. Kikijaa, barua za wateja zinaanza kuwarudia wao, na wewe huna habari. Na inalipa pale mtandao unapokatika katika: unasoma za zamani, unaandika majibu, yanasubiri kwenye foleni mpaka intaneti irudi.

Kuchagua

Mimi huanza na Thunderbird, na lazima mtu anipe sababu ya kuiacha. Ni bure bila masharti ya idadi ya akaunti au matumizi ya biashara. Inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, na tangu 2020 inasimamiwa na MZLA Technologies, kampuni tanzu ya Mozilla Foundation, inayoishi kwa michango ya watumiaji. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine: inahifadhi barua kwa umbo la mbox, ambalo ni maandishi ya kawaida yanayosomeka na programu nyingi nyingine. Ukitaka kuondoka kesho, unaondoka na mizigo yako.

Mapungufu inayo. Sura yake ilibaki ya kizamani miaka mingi mpaka toleo la 115 la Julai 2023, na bado kuna mipangilio iliyojificha mahali ambapo mtu wa kawaida hawezi kuikisia. Ofisi zilizo kwenye Exchange, mfumo wa Microsoft wa barua za maofisini, zilikuwa zinahangaika nayo; uwezo wa kusoma barua za Exchange moja kwa moja ulikuja kwenye toleo la 145, mwishoni mwa 2025. Na kwenye Windows 7 au 8 toleo la mwisho linalokubali ni hilo la 115. Mashine ya namna hiyo mimi huiwekea Linux, kisha Thunderbird ya kisasa juu yake, kuliko kubaki na mlango uliooza.

Outlook siku hizi ni programu mbili zenye jina moja, na ugomvi mwingi unaanzia hapo. Ile ya zamani, inayokuja na Office ya kulipia, ina nguvu kweli: kanuni za kupanga barua, kalenda, mafaili ya PST ambamo Outlook huhifadhi barua kwenye diski. Microsoft imesema itaitunza angalau hadi 2029. Kama ofisi imeshailipia na inafanya kazi, sioni haja ya kuihama leo. Outlook mpya ni bure, ndiyo inayojipachika kwenye Windows badala ya Mail. Ilipotoka haikuweza kufungua PST kabisa, na uwezo huo umeongezwa polepole. Kwa akaunti za bure inaonyesha matangazo. Kubwa zaidi, ukiunganisha akaunti ambayo si ya Microsoft, iwe Gmail, Yahoo au ya kikoa chako, barua zake zinanakiliwa kwenye seva za Microsoft ili programu ifanye kazi. Kwa mtu wa kawaida huenda si neno. Wakili, daktari, au mhasibu anayeshika siri za watu, asome sentensi hiyo mara mbili.

eM Client inawafaa waliozoea Outlook ya zamani na hawataki kujifunza upya. Ni bure kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, kwa akaunti mbili. Ofisi inatakiwa kununua leseni. Kwenye Mac, Apple Mail imo tayari na inatoa barua kwa mbox ukitaka kuondoka. Kwenye Linux, ukiacha Thunderbird, kuna Evolution.

Zilizobaki nazipima kwa maswali matatu tu: inatoa barua kwa umbo gani, nenosiri langu linakaa kwa nani, na mtengenezaji anakula wapi. Programu ya bure isiyo na jibu la swali la tatu naiacha dukani.

Kuanzia hapa nitachukulia umechagua Thunderbird, lakini hatua ni zile zile kwa nyingine.

Nakala kabla ya kugusa kitu

Funga programu ya zamani kabisa, si kuishusha chini tu. Faili la barua likinakiliwa huku programu inaliandikia, utapata nakala iliyovunjika na hutajua mpaka siku unayoihitaji.

Outlook ya zamani huweka PST kwenye folda ya Documents, ndani ya Outlook Files. Ukikosa, ingia File, kisha Account Settings, kichupo cha Data Files, kitakuonyesha njia nzima. Ukiona faili la OST badala ya PST, hilo ni kivuli cha kilichoko kwenye seva. Halifunguki kwenye mashine nyingine kama PST, usilihesabu kuwa nakala. Kwa akaunti ya namna hiyo tumia File, Open & Export, Import/Export, uchague kutoa kwenye PST mpya.

Windows Live Mail huweka kila barua kama faili dogo la EML, ndani ya folda zilizofichwa za AppData, Local, Microsoft, Windows Live Mail. Nakili folda nzima. Thunderbird yenyewe, kama unahama kompyuta tu, ina folda moja ya wasifu wako inayobeba kila kitu: barua, manenosiri, anwani, vichujio. Ingia Help, kisha Troubleshooting Information, ubofye kitufe cha kufungua folda hiyo. Ukiipeleka folda hiyo mashine mpya ukaielekeza Thunderbird huko, umehama tayari, nenda kanywe chai.

Sasa kuhusu pa kuwekea nakala. Flashi nyingi zinazouzwa madukani zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja linalozidi GB 4, hata kama flashi ni ya GB 64 na iko tupu. Unanakili PST ya GB 9, inakuambia faili ni kubwa mno, unadhani flashi ni feki. Si feki. Iandae upya kwa exFAT, ukijua kwamba vilivyomo vitafutika, kisha nakili tena.

Weka nakala mbili kwenye vifaa viwili tofauti. Halafu, na hapa ndipo watu wanachoka, fungua moja kwenye kompyuta nyingine na usome barua tatu: ya zamani kabisa, ya katikati, na yenye kiambatisho. PST za zamani zina historia ya kuharibika. Za Outlook 2002 na kurudi nyuma zina kikomo cha GB 2, na zikikikaribia zinaanza kuumwa. Za 2003 na 2007 kikomo cha kawaida ni GB 20, na kuanzia 2010 ni GB 50. Nimekuta PST zilizokatikiwa umeme mara mia zikifunguka vizuri mpaka ukifika folda fulani. Bora ugundue leo wakati mashine ya zamani bado inapumua.

Kuunganisha akaunti

Pakua Thunderbird kutoka thunderbird.net, si kwenye tovuti za kupakulia programu zinazokufungia na vitu usivyoviomba. Ikifunguka mara ya kwanza itakuuliza jina, anwani na nenosiri, kisha itatafuta mipangilio yenyewe. Kwa Gmail, Yahoo na Outlook.com huipata bila shida. Ikikupa kuchagua kati ya IMAP na POP3, chagua IMAP, isipokuwa unajua vizuri kwa nini unataka POP.

Kabla hujaiacha ianze kushusha barua, simama. Kwa kawaida Thunderbird inapakua barua zote za IMAP ziwe kwenye diski. Mwenye kikasha cha GB 8 anayetumia bando la simu atashangaa bando limekwisha kabla ya saa sita mchana. Ingia mipangilio ya akaunti, sehemu ya Synchronization & Storage, uchague barua za siku 30 au 90 za karibuni tu, au uondoe tiki ya kuhifadhi barua kwenye kompyuta mpaka upate mtandao wa bei nafuu. Wenye Gmail wana jambo la ziada. Gmail haina folda, ina lebo, na barua yenye lebo mbili inaonekana mara mbili, na mara ya tatu ndani ya folda ya All Mail. Ingia Gmail kwa kivinjari, kwenye mipangilio ya lebo, uondoe tiki ya kuonyesha All Mail kwenye IMAP. Utaokoa nusu ya safari.

Nenosiri nalo lina mambo yake. Tangu 30 Mei 2022 Google haikubali nenosiri la kawaida kwenye programu za nje kwa akaunti binafsi, na Microsoft ilifuata kwa Outlook.com, Hotmail na Live tarehe 16 Septemba 2024. Ndiyo maana programu za zamani zinasema nenosiri si sahihi hata ukiliandika kwa uangalifu mara kumi. Programu ya kisasa hufungua dirisha dogo la Google au la Microsoft, unaingia humo, unakubali, basi. Kama programu yako haina dirisha hilo, Google na Yahoo wanakuruhusu kutengeneza nenosiri maalumu la programu. Kwa Google ni la herufi 16, na lazima kwanza uwe umewasha uthibitishaji wa hatua mbili.

Kwa barua za kikoa chako mwenyewe mara nyingi utajaza kwa mkono. Jina la mtumiaji ni anwani nzima, si kipande cha kabla ya @. Kupokea ni poti 993 na SSL/TLS. Kutuma ni 465 na SSL/TLS, au 587 na STARTTLS. Ukikuta mipangilio ya zamani ya fundi aliyetangulia ina poti 25 ya kutuma, achana nayo. Watoa huduma wengi wa intaneti wameifunga kwa sababu ya barua taka.

Kisha huenda likaja onyo la cheti, yaani kitambulisho cha seva. Umeandika seva kuwa mail. likifuatiwa na jina la kikoa chako, na Thunderbird inalalamika kwamba cheti ni cha jina jingine. Wengi wanabofya kukubali na kuendelea, na wanazoea kubofya hivyo hata siku ambayo onyo ni la kweli. Mara nyingi chanzo ni kwamba cheti kimetolewa kwa jina halisi la seva ya kampuni inayokuhifadhia tovuti. Waulize jina hilo, liandike mahali pa jina la kikoa chako, onyo litaisha.

Jitumie barua moja kutoka akaunti nyingine, ijibu, tazama kwa simu kama jibu limeingia kwenye zilizotumwa. Hapa utakutana na uchafu mdogo wa kawaida: folda mbili, Sent na Sent Items, kwa sababu programu ya zamani na mpya haziitani kwa jina moja. Kwenye mipangilio ya Copies & Folders ielekeze Thunderbird kwenye folda ile ile ambayo simu inatumia.

Kuhamisha barua za zamani

Kama kila kitu chako kilikuwa IMAP na karatasi yako haina kitu kwenye diski, ruka sehemu hii. Barua zimeshafika.

Njia ninayoipenda kwa wengine wote ni kuitumia seva kama daraja. Ndani ya programu ya *zamani*, ongeza akaunti ile ile kwa IMAP, kando ya ile ya POP. Sasa una miti miwili ya folda kwenye dirisha moja. Tengeneza folda upande wa IMAP, ziite kwa miaka, kisha nakili barua za POP kwenda huko. Nakili, usihamishe. Ziende kwa mafungu ya mia chache, mwaka mmoja kwa wakati, kwa sababu mtandao ukikatika katikati ya barua 20,000 hutajua ulifika wapi. Zikishapanda kwenye seva, programu yoyote duniani itaziona, na simu pia.

Njia hii ina vizuizi viwili. Kwanza nafasi: Gmail ya bure ina GB 15, na humo zimo picha zako na mafaili yako ya Drive. Kikasha cha kikoa chako huenda kikawa kidogo zaidi. Pili kasi: Gmail inaruhusu kupandisha MB 500 kwa siku kwa IMAP. Mwenye GB 10 anahesabu siku 20, basi apange kupandisha kila jioni akifunga ofisi.

Kama nafasi haitoshi, au hutaki barua za zamani zikae kwa mtu mwingine, zilete moja kwa moja kwenye Local Folders za Thunderbird. Kwa Outlook ya zamani iliyo kwenye kompyuta ile ile, menyu ya Tools ina Import inayojua kusoma barua za Outlook, mradi Outlook yenyewe imo na inafunguka. PST peke yake bila Outlook haisomeki hivyo. Hapo mimi natumia Linux na programu ndogo ya readpst, inayobadilisha PST kuwa mbox. Mafaili ya EML na mbox yanaingizwa kwa nyongeza ya Thunderbird inayoitwa ImportExportTools NG, ambayo inakubali folda nzima pamoja na folda zilizomo ndani yake. EML chache unaweza hata kuziburuta kwa kipanya na kuziachia ndani ya folda.

Baada ya kuleta, hesabu. Bofya kulia kwenye folda ya zamani uone idadi, linganisha na mpya. Zikipishana kwa barua tatu kati ya 4,000, tafuta tatu hizo. Mara nyingi ni zilizoharibika, na afadhali uzifungue upande wa zamani ujue zinahusu nini.

Jambo moja kuhusu kizuia virusi. Kwa mbox, folda nzima ya Thunderbird ni faili moja. Kizuia virusi kikikuta kirusi kwenye barua moja ya 2015 kinaweza kulifungia faili zima, na asubuhi unakuta kikasha kitupu. Iweke folda ya wasifu wa Thunderbird kwenye orodha ya visivyoguswa. Viambatisho bado vitakaguliwa ukivifungua au kuvihifadhi.

Anwani, kalenda na vilivyosahaulika

Anwani zitoe kwa vCard kama programu inaruhusu. CSV inafanya kazi, ila usiifungue kwa Excel "kuangalia tu" kisha ukahifadhi. Excel inaona namba ya simu inayoanza na 07, inaidhania ni hesabu, inafuta sifuri, na wateja wote wanapoteza tarakimu moja. Kalenda itoe kwa ICS.

Yale majina yanayojitokeza ukiandika herufi mbili za kwanza kwenye Outlook hayako kwenye kitabu cha anwani. Ni kumbukumbu ya programu tu, na haihami nawe. Mhasibu mmoja aliniambia ana wateja 200. Kitabu chake cha anwani kilikuwa na 11. Fungua barua ulizotuma mwaka mzima uliopita, ongeza kwa mkono wale unaowaandikia kweli.

Kanuni za kupanga barua hazihami kutoka programu moja kwenda nyingine. Zipige picha kwa simu, uzitengeneze upya. Utagundua nusu yake zilikuwa za mradi uliokwisha. Saini nakili na kubandika, ukiangalia kama nembo imekuja.

Halafu programu nyingine za ofisini. Programu ya uhasibu inayotuma ankara ikibofywa, kitufe cha kutuma kwa barua ndani ya Word: vingi vinaita programu ya barua iliyowekwa kuwa ya kawaida kwenye Windows, na vingine vinajua Outlook tu. Badilisha programu ya kawaida kwenye mipangilio ya Windows, kisha jaribu kila kimoja. Kama programu ya uhasibu inang'ang'ania Outlook, ni heri ulijue hilo kabla ya mwisho wa mwezi.

Wiki mbili na programu zote mbili

Usifute ya zamani. Iache, lakini usiitumie kuandika. Kama akaunti ni POP, hakikisha kwanza kwamba pande zote mbili zimewekwa alama ya "Leave messages on server", yaani kuacha barua kwenye seva, bila kikomo cha siku. La sivyo inayofunguliwa kwanza inazoa barua, na nyingine inabaki inashangaa. Kwa IMAP hakuna ugomvi huo.

Katika wiki hizo kila ukitafuta barua ya zamani, itafute kwenye programu mpya. Ukilazimika kurudi kwenye ya zamani, andika ni kwa sababu gani. Orodha hiyo ndiyo kazi iliyobaki. Mwisho wa mwezi mmoja lazima uwe ndani ya muda huo, kwa sababu ndipo ripoti, mishahara na ankara zinapotoka na vitu vilivyosahaulika vinajitokeza.

Wiki hizo zikiisha, na siku tatu nne za mwisho hukurudi kwenye ya zamani, ondoa akaunti kwenye programu ile. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya Google, Yahoo au Microsoft kwa kivinjari, sehemu ya usalama, uangalie orodha ya programu zilizopewa ruhusa, ufute ruhusa ya ile ya zamani na nenosiri lake maalumu kama lilikuwepo. Hasa kama kompyuta unampa mtu. PST yenyewe usiifute. Ibaki kwenye vile vifaa viwili, kimoja nje ya ofisi, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye tarehe na jina la akaunti, kwa kalamu isiyofutika.

Yule mzee wa bandarini tulimrudishia kiasi. Tuliandika kwa mawakala na wateja wake wakubwa tukaomba watutumie tena mawasiliano ya zamani, na walio wengi walituma. Barua alizowaandikia yeye zilirudi zikiwa zimenukuliwa chini ya majibu yao.